Picha Njema na Picha ya Kweli

Kila kazi ya mtu ina kishawishi chake. Mwuza nafaka hushawishika kupunja mizani, msimulizi hushawishika kutia chumvi, na mpiga picha hushawishika kukipa kitu uzuri ambacho hakikuzaliwa nao. Nataka, msomaji, tukichunguze pamoja kishawishi hiki cha tatu. Maana siku hizi kijana anayeshika simu ameshika pia kamera, na mwenye kamera ameshika ushahidi. Nitachukua mfano mdogo, nao ni picha ya ndege.

Mtu akaaye Voi hana haja ya kwenda mbali kutafuta ndege. Wakati wa kiangazi weka sahani ya maji chini ya mti, kisha uketi kimya barazani, nao watakuja wenyewe. Aghalabu wa kwanza ni kwenzi. Kifua chake ni cha buluu inayong'aa, tumbo lake lina rangi ya kutu, na kati ya rangi hizo mbili umepita mstari mwembamba mweupe kama mshipi. Baada yake huja minana wa manjano kwa makelele yao, na juu ya maua huning'inia chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, asiyetulia hata kidogo. Ni ndege wa kila siku. Lakini mtu akiwatazama kwa makini hugundua kwamba alikuwa akilala juu ya hazina pasipo kujua.

Basi unapiga picha ya kwenzi wako, na ukiitazama unasikitika. Jua la Voi ni kali, na mbingu nyuma ya tawi ni nyeupe kama shuka. Kamera hupima mwanga wa picha nzima, na ili isizidiwe na weupe wa mbingu hupunguza nuru yote. Ndege amebaki kivuli cheusi. Buluu imepotea, na ule mshipi mweupe hauonekani. Je, picha hii ni ya kweli kwa kuwa haijaguswa? La. Jicho lako liliona rangi, kamera haikuziona. Ukifungua programu ya kuhariri picha, ukaongeza mwanga katika sehemu za giza mpaka buluu ikarudi, hukumdanganya mtu. Umemrudishia ndege mali yake iliyopotea njiani.

Wako watu wasemao kwamba picha safi ni ile isiyohaririwa kabisa. Nia yao ni njema, lakini sikubaliani nao. Simu yenyewe, kabla kidole chako hakijagusa kitu, imekwisha kukisia rangi, imenoa kingo, na mara nyingi imeunganisha picha kadhaa ikazifanya moja. Zaidi ya hayo, mtu aweza kushukiwa uongo bila kuhariri rangi hata moja. Mwaka 2009 picha ya mbwa-mwitu akiruka lango ilipata tuzo kuu katika mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa London. Januari 2010 ikavuliwa tuzo hiyo, kwa sababu waamuzi waliona kuna uwezekano mkubwa kwamba mnyama yule alikuwa amefugwa na kuzoezwa, ingawa mpiga picha alikana. Hapakuwa na ugomvi juu ya rangi. Ugomvi ulikuwa juu ya ahadi, kwa kuwa picha iliwaambia watu, "Huyu ni mnyama wa porini."

Tazama pia kisa cha gazeti la National Geographic. Katika jalada lake la Februari 1982 piramidi za Giza, nchini Misri, zilisogezwa zikakaribiana, ili picha ya mapana ipate kuenea katika ukurasa wa kusimama. Hakuna jiwe lililovunjika wala mtu aliyeumia. Walakini jambo lile lilizua lawama, nalo lingali likitajwa hata leo, kwa maana msomaji aliyeliamini gazeti lile alianza kujiuliza ni nini kingine kilichosogezwa asijue. Hivyo ndivyo hasara ya uongo mdogo ilivyo: haiishii pale ulipotendeka, bali huyatia doa na maneno ya kweli yaliyotangulia.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawahukumu wengine tu, nitakueleza kosa langu mwenyewe. Siku moja nilitoka Voi nikapanda mpaka msitu wa Ngangao, juu katika milima ya Taita. Huko hewa ni baridi na ukungu hushuka miongoni mwa miti mirefu. Nilibahatika kumpiga picha ndege mdogo wa kijani, mwenye duara pana jeupe kuzunguka jicho na tumbo la kijivu. Ndege huyu hapatikani popote duniani isipokuwa katika milima ya Taita na mlima Kasigau. Huku chini nyikani anaye ndugu yake, ambaye naye ana duara jeupe jichoni. Lakini duara lake ni jembamba, na tumbo lake ni la manjano.

Nilipofika nyumbani niliona kwamba ukungu umeififisha picha. Nikaongeza mwanga, na mpaka hapo sikukosa. Kisha nikaona kijivu cha tumbo kinapooza, nikakikoleza kwa manjano kidogo. Lile duara la jicho nililiona linang'aa kupita kiasi, nikalififiza. Picha ikapendeza mno. Kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikaifuta ile ya asili. Wengi waliisifu, nami nikavimba kichwa.

Siku moja nilimwonyesha mwanafunzi mmoja, kijana ambaye huandika orodha za ndege anaowaona kwa ajili ya ramani ya ndege wa Kenya. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa adabu, "Samahani, mwalimu, huyu ni wa mlimani au wa nyikani?" Nikamwambia ni wa mlimani, nilimwona kwa macho yangu. Akanyamaza. Hakunipinga, lakini picha yangu ilinipinga. Nilikuwa shahidi wa kweli aliyeleta ushahidi wa uongo, na ule wa kweli nilikuwa nimeuharibu kwa mkono wangu.

Pengine utasema, msomaji, kwamba manjano kidogo juu ya tumbo la ndege si neno kubwa. Fikiri basi. Misitu ya milima ya Taita imebaki vipande vipande, imezungukwa na mashamba. Humo mna ndege wengine wawili wasiopatikana mahali pengine popote: mmoja mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, na mwingine mdogo sana mwenye koo jeusi. Wote wawili huhesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani. Viumbe wakiwa wachache hivyo, kila picha ya kweli yenye mahali na tarehe yake ni ushahidi kwamba wangalipo na kwamba wanaishi hapa. Watu wakitaka kujua ni kipande gani cha msitu kitunzwe, ushahidi huo hutazamwa. Ndege hana ulimi wa kukanusha aliyosingiziwa. Aliye dhaifu hivi ndiye anayestahili kusemewa kweli zaidi.

Je, maana yake ni kwamba hatuna ruhusa ya kupamba? Ruhusa tunayo. Mchoraji humchora ndege kwa rangi apendazo, na hakuna amwitaye mwongo, kwa kuwa hakuna aliyeahidiwa kitu kingine. Nawe waweza kumgeuza kwenzi wako akawa wa dhahabu na kumtundika ukutani, ukisema wazi kuwa ni pambo. Uongo huanza pale unapoandika chini yake, "Ndege wa Voi."

Kwa hiyo, kila unapotaka kuhariri picha, jiulize kwanza: je, narudisha alichokuwa nacho ndege huyu, au nampa asichokuwa nacho? Kisha jiulize: je, naweza kumwambia mtazamaji nilichofanya bila kuona haya? Ukisita kujibu, ondoa mkono. Wala usiifute picha ya asili, hata ikiwa mbaya namna gani. Na usikate matawi yanayositiri kiota ili upate picha safi, kwa maana picha inayopatikana kwa kumwanika kinda mbele ya jua na adui imenunuliwa kwa bei isiyo yako.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenzi anayekunywa maji uani hahitaji rangi zetu. Anahitaji mtu wa kumtazama kwa subira, na wa kusema alichokiona bila kuongeza wala kupunguza.