Udongo Hausahau



Jumapili moja baada ya ibada tulizungumza juu ya betri kuukuu za gari zinazopasuliwa nyuma ya nyumba, ili risasi iliyomo iyeyushwe na kuuzwa. Kijana mmoja akasema, "Nchi hii si yetu. Siku moja tutarudi kwetu, na taka zitabaki hapa." Hakuna aliyemjibu upesi, kwa kuwa wengi wetu tumewahi kuwaza hivyo. Tena anayepasua betri ana watoto wa kulisha, na chakula cha mgao hakitoshi. Je, mgeni anadaiwa nini na udongo asioumiliki?

Tutazame kwanza taka zenyewe, maana hazifanani. Maganda ya ndizi huliwa na vijidudu vya udongo, na baada ya miezi michache yamekuwa mbolea. Dawa ya wadudu iitwayo DDT ni ngumu zaidi: huweza kuchukua miaka 2 hadi 15 mpaka nusu yake iishe udongoni. Lakini risasi haiozi kamwe. Hakuna kijidudu wala moto uwezao kuigeuza kuwa kitu kingine. Ikiyeyushwa, sehemu yake hupanda na moshi, kisha huangukia mchicha na mikono ya watoto. Hata kuchemsha maji hakusaidii: vijidudu hufa, maji hupungua, risasi hubaki palepale. Nayo hudhuru ubongo wa mtoto kuliko wa mtu mzima, mara nyingi bila dalili ya kuonekana.

Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tumeyaona haya kwa njia nyingine. Katika machimbo ya dhahabu watu hutumia zebaki. Shimo likiisha, mchimbaji huhama. Zebaki iliyomwagika haihami naye. Hukaa katika tope la mto, huingia katika samaki, na samaki huliwa na watu ambao hawakuona hata chembe ya ile dhahabu.

Basi tusiulize tu nchi ni ya nani. Tuulize nani atakunywa maji haya baada yetu. Watakunywa waliotukaribisha. Na watoto wetu wanakunywa leo, kabla hatujarudi popote. Katika Walawi 25 Mungu anawaeleza Waisraeli kwamba nchi ni mali yake, na wao ni wageni kwake. Kumbe hata mwenye shamba ni mgeni kama sisi.

Hatumhukumu mwenye njaa. Tunamwomba asipasue betri, bali aiuze nzima. Betri za tochi na redio tusizitupe chooni, motoni wala bustanini. Tuziweke katika chombo chenye mfuniko, mbali na watoto, kisha tuwaombe kwa pamoja wanaosimamia usafi watuonyeshe pa kuzipeleka.

Siku ya kurudi tutabeba magodoro na masufuria. Risasi hatutaweza kuibeba. Mungu atusaidie tusiwaachie wenyeji wetu kisima kibovu. Amina.