Mkate kwanza, mafundisho baadaye

Mkristo anayekosa usingizi kwa sababu ya kodi ya nyumba na ada ya watoto huambiwa mara nyingi kwamba imani yake ni haba. Maandiko hayamhukumu hivyo. Katika 1 Wafalme 19, Eliya, aliyetoka kuwashinda manabii wa Baali mlimani Karmeli, anakaa chini ya mretemu akiomba afe. Mungu hamkemei. Malaika anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anamlisha mara ya pili. Mazungumzo yanakuja baadaye, kule Horebu. Mpangilio huo una uzito wake: mwili uliochoka unahudumiwa kwanza.

Lakini je, Yesu hakukataza kuhangaikia kesho? Alikataza, na bado kule Gethsemane yeye mwenyewe alihuzunika sana, akawaomba wanafunzi watatu wakeshe naye. Basi katazo lile haliwezi kuwa hukumu juu ya moyo unaotetemeka. Linatuzuia kubeba peke yetu mzigo wa siku ambazo hazijafika. Ndiyo maana ni ukatili, tena mkubwa, kumwambia mama aliyeelemewa aongeze mfungo, wakati anahitaji chakula, usingizi na mtu wa kukaa naye. Eliya naye, alipotoka Horebu, alipewa mwenzake wa kazi, Elisha.