Utamu Usiolisha: Stevia ya Bustanini na Swali la Kiasi

Katika maumbile, utamu kwa kawaida huwa ishara ya chakula, kwani tunda lililoiva, asali na muwa humjulisha anayeonja kwamba ndani yake mna sukari ambayo mwili utaigeuza kuwa nguvu. Stevia, mmea mdogo wa jamii ya alizeti wenye asili ya Paraguay na Brazil, haufuati kanuni hiyo. Viambato vinavyoyatia majani yake utamu, viitwavyo glikosaidi za stevioli, huushinda utamu wa sukari mara 200 hadi 300, lakini hupita tumboni bila kusagwa, huvunjwa na bakteria wa utumbo mpana, na mabaki yake hutoka pamoja na mkojo. Anayeupanda mmea huu nyuma ya nyumba, hata kama nia yake ni kupunguza sukari tu, hukabiliwa na swali zito: je, raha iliyotenganishwa na lishe ni halali, au ni hadaa?

Katika mazungumzo yaitwayo Gorgias, Plato anamwonyesha Socrates akiuhesabu upishi kuwa namna ya kujipendekeza, kwa kuwa hutafuta kinachofurahisha bila kujua kilicho bora, kisha hujivika vazi la tiba. Kwa kipimo hicho stevia ingehukumiwa vikali. Hata hivyo hadaa huhitaji anayehadaiwa, na mtu aliyeyachuma majani kwa mkono wake anajua fika kwamba hayamlishi. Pingamizi zito zaidi linatokana na Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ambaye katika Ihya Ulumuddin aliuona uchu wa tumbo kuwa chanzo cha matamanio mengine, na akafundisha kwamba dawa yake ni kuuzoesha kupungua hatua kwa hatua. Kwa mtazamo huo, anayeondoa vijiko vitatu vya sukari na kutia stevia hadi chai irudie utamu uleule ameondoa madhara ya uchu, na uchu wenyewe ameuacha palepale. Shirika la Afya Duniani lilikaribia hapo kwa njia nyingine Mei 2023, liliposhauri kwamba viongeza utamu visivyo sukari, stevia ikiwemo, visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na ni haki iwe hivyo, kwa maana mgonjwa anayeweza tena kunywa chai tamu pamoja na wageni wake amerudishiwa jambo kubwa kuliko ladha.

Kilimo chenyewe, hata hivyo, hutoa jibu ambalo unga wa dukani hauwezi kulitoa. Mbegu za stevia mara nyingi hazioti, hivyo mkulima hutegemea vipandikizi vya shina. Hukata ncha ili mmea utoe matawi, huchuma kabla tu haujachanua, wakati utamu umekolea, kisha huyaanika majani kivulini na kuyatwanga. Aristotle alifundisha kwamba mwenye kiasi huitamani raha inavyopasa na wakati unaopasa, na kazi hiyo ya miezi humpa mtu nafasi ya kujifunza hilo, hasa kwa kuwa jani zima lina uchungu unaobaki ulimini na kumzuia asizidishe. Uangalifu huo unahitajika pia kiafya, kwani kikomo cha kimataifa cha miligramu 4 za stevioli kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku kiliwekwa kwa viambato vilivyosafishwa, si kwa majani yaliyotwangwa nyumbani.

Linabaki suala la deni, yaani utamu huu umetoka kwa nani na kwa gharama ya nani. Miwa ya Pangani, katika pwani ya Tanzania, katika karne ya 19 ililimwa na watumwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mwenyewe na shamba la miwa huko. Stevia haina historia ya namna hiyo, lakini ujuzi wa matumizi yake ni wa Waguarani, wenyeji wa Paraguay na Brazil, walioutumia vizazi vingi kabla ya mtaalamu wa mimea Moisés Bertoni kuueleza mmea huo kisayansi mwaka 1899 na kabla ya Wajapani kuufanyia biashara katika miaka ya 1970. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inadai kwamba faida itokanayo na ujuzi wa jadi igawanywe pamoja na wenye ujuzi huo, ingawa mmea huu ulikuwa umeshasambaa zamani kabla ya itifaki hiyo. Mwenye bustani aliyepewa kipandikizi na jirani hadaiwi fedha. Anadaiwa kuwajua na kuwataja Waguarani, ilhali kampuni inayouza viambato vyake inadaiwa fedha hasa.