Wanawali, Vibarua na Dirisha la Tiketi

Majilio yakishaingia, swali linalozunguka usharikani kuliko swali lolote la imani ni hili: umeshakata tiketi? Wa Moshi wanaulizana, wa Dodoma wanaulizana, wa Kigoma ndio usiseme. Ibada ikiisha, watu wanagawanyika makundi mawili pale nje. Wapo waliokata tangu Novemba. Hao huongea taratibu, kama watu waliokwisha kula. Na wapo wanaosema, “Mimi nitaenda stesheni siku hiyo hiyo, Mungu hawezi kunitupa.” Juma lililopita mabishano yao yalinifuata hadi ofisini, na mzee mmoja wa kanisa akaniuliza bila kuzunguka: Mchungaji, Biblia iko upande gani?

Iko pande zote mbili, na zote zimo katika kitabu kimoja. Mathayo 25 kuna wanawali kumi, watano wakiwa na mafuta ya akiba na watano hawana. Usiku wa manane mlango unafungwa na waliochelewa wanabaki nje. Lakini ukirudi nyuma hadi sura ya 20, kuna vibarua waliochukuliwa saa kumi na moja jioni, jua linataka kuzama, wakalipwa dinari ileile ya waliotoka jasho tangu alfajiri. Aliyechelewa huku anafungiwa mlango, kule anapewa mshahara kamili. Msimulizi ni yuleyule.

Tuanze na stesheni, maana huko ndiko mnakogombana.

Enzi za Ubungo ubishi huu haukuwa mkubwa. Mtu aliamka, akabeba begi, wapiga debe wakamgombania kuanzia getini. Siku za kawaida, kukosa basi kulihitaji juhudi. Treni haina mpiga debe. Ina mabehewa kadhaa na viti vyenye namba, na namba ikishachukuliwa imechukuliwa. Tangu SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na kufika Dodoma mwezi uliofuata, watu wengi wameonja safari ya saa tatu na kitu mahali ambapo basi lilikula kutwa nzima, na hawataki kurudi nyuma. Treni ya Moshi nayo, iliyorudi mwaka 2019 baada ya miaka mingi ya ukimya, ikifika Desemba kila Mchaga wa Dar es Salaam anaikumbuka siku moja. Hapo ndipo suala la kukata mapema lilipopata uzito.

Utaratibu wenyewe mnaujua. Unaingia mtandaoni kwa simu, unachagua stesheni unayopandia na unayoshukia, tarehe, treni ya kawaida au mchongoko, halafu kiti chako: dirishani au kwenye ujia. Unaandika jina lako na namba ya kitambulisho. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au benki. Usipolipa kwa wakati, kiti kinarudi sokoni. Ukishalipa, unapata tiketi yenye ule mraba wa vidoti vyeusi ambao mashine ya mlangoni inausoma. Na jina lililoandikwa pale ni lako, huwezi kuwahi na tiketi ya shemeji.

Jambo moja katika mpangilio huu ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nauli haibadiliki. SGR ilipoanza, treni ya kawaida ilikuwa Sh 13,000 hadi Morogoro na Sh 31,000 hadi Dodoma, na aliyekata wiki tatu kabla alilipa hiyohiyo aliyolipa aliyefika dirishani asubuhi ile akakuta kiti. Hakuna adhabu ya kuchelewa wala zawadi ya kuwahi.

Msidhani ni hivyo kila mahali. Wageni wetu kutoka Ujerumani, wa sharika rafiki, wametusimulia ya kwao. Kule reli inauza tiketi ya bei nafuu, Sparpreis, kwa anayekata mapema, na nyingine ya bei kubwa, Flexpreis, kwa anayetaka uhuru. Mwenye ya nafuu amefungwa kwenye treni ile aliyoichagua, ikimwacha, imemwacha. Mwenye ya gharama apande treni yoyote ya siku ile. Maana yake, asiyejua mipango yake ndiye anayelipa zaidi. Uingereza nako ni hivyo hivyo, na pengine kwa ukali kuliko huko. Ila Wajerumani wana kipengele kimoja ninachokipenda: ikionekana treni itakufikisha kwa kuchelewa dakika 20 au zaidi, kile kifungo kinafunguliwa na unaweza kupanda nyingine. Hata sheria ya reli imeona kwamba makosa mengine si ya abiria.

Huku kwetu nauli ni moja kwa wote, na mimi naiona dinari ya shamba la mizabibu hapo. Mwenye shamba aliafikiana na wa alfajiri kuhusu dinari, malipo ya kibarua kwa siku. Waliolalamika jioni hawakudhulumiwa hata senti. Kilichowauma ni kuwaona wa saa kumi na moja wamekaa nao benchi moja. Nimewasikia abiria wa namna hiyo. Amekata mapema, kiti dirishani, begi limekaa vizuri juu, halafu anakuja mtu anatweta, kiatu kimoja kamba zimefunguka, anakaa kiti cha pembeni kwa nauli ileile. Mwenye dirisha anaguna. Kwa nini anaguna? Kiti chake kimepungua nini?

Wasomaji wengi wa mfano huu huruka sentensi moja. Mwenye shamba anawauliza wale wa jioni kwa nini wamesimama bure mchana kutwa, nao wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri. Hawakuwa wamelala nyumbani. Walikuwa sokoni wakisubiri, na siku nzima hakuna aliyewachagua.

Siku moja nilikuwa stesheni kumsindikiza mgeni, nikasimama karibu na dirisha la tiketi. Mbele yangu alikuwepo mama wa makamo, khanga mbili, kandambili, hana begi, ana mfuko wa plastiki tu. Alifungua pindo la khanga yake, ndani mlikuwa na noti za elfu mbili na elfu moja zimekunjwa kila moja kivyake, zile ambazo ukiziona unajua zimetoka mikononi mwa watu wengi. Mhudumu akamwuliza anasafiri lini. Akasema, “Leo, mwanangu. Tunazika saa kumi.” Kitambulisho alikitoa kwenye mfuko wa plastiki, kimefungwa tena ndani ya kingine. Alipoambiwa kiti kimoja kipo, hakusema kitu, alianza kuhesabu upya zile noti moja moja juu ya kaunta, na mhudumu akamsubiri.

Sasa niambieni, mama yule angekata tiketi lini? Msiba haumwandikii mtu barua. Mgonjwa hazidiwi kwa ratiba. Na wapo ambao safari yao inajulikana, lakini fedha ya safari inapatikana jana yake: fundi anayelipwa kazi ikiisha, mama lishe, dereva wa bodaboda ambaye wiki nzima anapeleka hesabu kwa mwenye pikipiki na cha kwake ni cha Jumamosi. Kukata tiketi wiki tatu kabla kunataka elfu thelathini iliyokaa bila kazi, simu inayoingia mtandaoni, na uhakika wa ruhusa kazini. Tukimwita mwenye vitu hivyo vitatu “mtu mwenye mipango” na asiyekuwa navyo “mzembe”, tumefananisha mshahara na maadili.

Hata hivyo siwezi kumaliza hapo, maana mzee wangu ataondoka akidhani Mathayo 20 imeifuta Mathayo 25. Kuna uzembe, na tuuite hivyo. Wale wanawali watano hawakushtukizwa na harusi. Walialikwa. Nguo walivaa, taa walibeba, walijua bwana harusi anakuja usiku. Kilichokosekana ni jambo dogo walilokuwa na muda wa kulifanya. Mtu anayejua tangu Januari kwamba Krismasi ni tarehe 25 Desemba, fedha anayo, simu anayo, halafu tarehe 23 anampigia mchungaji amtafutie mtu anayejuana na mtu reli, huyo hayuko pamoja na yule mama wa khanga. Yuko na wale watano. Tena akipatiwa kiti kwa njia ya uani, mara nyingi ni kiti ambacho mama kama yule angekikuta dirishani.

Wapo pia wanaokosea kwa upande wa kuwahi, na hawa hawasemwi mara nyingi. Anakata tiketi ya tarehe 20 na ya 21 na ya 22, ataamua baadaye. Nafasi mbili zitaondoka tupu, au atazunguka akitafuta namna ya kuzisukuma kwa faida. Kutoka sura ya 16 inamfaa. Wana wa Israeli waliambiwa waokote mana ya siku moja tu. Waliolaza ya akiba ilioza ikaingia funza. Lakini siku ya sita waliambiwa waokote maradufu kwa ajili ya Sabato, na ile haikuoza. Chakula kilikuwa kilekile, na kulazwa kililazwa vilevile. Tofauti ni kwamba ya kwanza ilikusanywa kwa hofu ya kukosa, ya pili kwa siku waliyokwisha kuambiwa. Kiti kimoja cha siku unayosafiri ni mana ya siku ya sita. Viti vitatu ni funza.

Kwa wenye tiketi za Novemba nina neno jingine, na ninalitoa kwa Paulo. Mtume huyu alikuwa mpangaji hodari. Warumi sura ya kwanza anasema amekusudia mara nyingi kwenda kwao akazuiliwa. Sura ya 15 ana ratiba kamili: Yerusalemu, kisha Rumi, kisha Hispania. Rumi alifika, ila kama mfungwa, ndani ya meli ya ngano iliyovunjikia Malta, akakaa pale miezi mitatu kabla ya kupata meli nyingine. Ratiba ilitimia kwa namna ambayo hakuna aliyeikata. Na bado hakuacha kupanga. Akiwa kifungoni anamwandikia Filemoni barua yake fupi kuliko zote, na karibu na mwisho wake anamwomba amwandalie chumba, kwa kuwa anatumaini kwa maombi yao atafunguliwa. Mfungwa anaagiza chumba! Hivyo ndivyo Mkristo anavyokata tiketi mapema: analipa, anaweka kwenye simu, na anajua kwamba anayeiendesha kesho ni mwingine. (Nyumba ya wageni ya Bethlehemu siigusi leo, ni ya mkesha wa Krismasi na nisingependa kula mahubiri yangu mwenyewe.)

Nirudi kwa wanawali, maana kuna jambo lililonisumbua miaka mingi. Wenye busara waliombwa mafuta wakakataa. Waumini huniuliza: upendo uko wapi? Siku hizi ninapoona mtu anarudishwa getini kwa sababu jina la tiketi silo la kitambulisho chake, naelewa kidogo zaidi. Ikishafika saa ya mlango, yapo mambo ambayo hayagawanyiki tena. Siwezi kukuazima miaka yangu ya kusali, wala wewe huwezi kunipa toba yako. Kila mmoja anasomwa kwa jina lake.

Lakini mfano hauanzi usiku wa manane. Wasichana wale kumi walitoka pamoja, wakasubiri pamoja, na wote kumi wakasinzia, wenye busara na wapumbavu. Mchana ule maduka yalikuwa wazi. Mathayo hatuambii kama kuna aliyemgeukia mwenzake akamwuliza, “Dada, chombo chako cha akiba kiko wapi?” Labda waliulizana, labda hawakuulizana. Mimi kama mchungaji nabaki na swali hilo kuliko la usiku, kwa kuwa sisi bado tuko mchana. Mwenye tiketi Novemba na jirani yake asiyejua kuingia mtandaoni wanakaa benchi moja kila Jumapili, na mmoja wao ana simu mfukoni.

Nilimjibu mzee wangu kwa urefu huu huu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: sawa Mchungaji, lakini mimi mwenyewe sijakata, na hiyo simu siijui.

Basi Jumapili hii, ibada ya pili ikiisha, vijana wa umoja watakaa chini ya mwembe, upande wa ofisi, na simu zao. Mzee au mama yeyote anayesafiri kwa treni mwezi huu na anaijua tarehe yake, aje na kitambulisho, au namba yake ikiwa kadi bado haijatoka, pamoja na nauli yake. Watakukatia na kukuchapishia. Karatasi ni ya usharika, hakuna malipo ya ziada. Mwenye tiketi asiyesafiri tena, aje pia, aoneshwe namna ya kuirudisha mapema ili kiti kirudi dirishani. Na wazee wa mitaa, tuoneni baada ya hapo. Mfuko wa diakonia una fedha kidogo ya nauli za misiba, na tunataka mtu wa kila mtaa ajue anampigia nani simu ikilia saa kumi alfajiri.