Nahodha Asiyekuwemo Chomboni

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: chombo kikijiongoza chenyewe, nahodha ni nani? Swali limenijia kwenye mchezo, lakini silo la mchezo.

Mchezo wenyewe unaitwa Kerbal Space Program, ulitoka mara ya kwanza mwaka 2011. Unaunda roketi kwenye kompyuta, unairusha, halafu ndipo kazi inapoanza. Kule juu hakuna maji wala upepo wa kuegemea. Ukiigeuza roketi kidogo tu, inazunguka moja kwa moja hadi uizuie. Ipo nyongeza, kOS, inayomruhusu mchezaji kuandika amri zake mwenyewe, nami nikaandika programu ya kuishika omo itazame ninakotaka bila mkono wangu.

Programu inayojua jambo moja tu, yaani omo imepotoka kiasi gani, huiyumbisha roketi kama mlevi: inapita alama, inarudi, inapita tena. Lazima ijue na la pili: omo inarudi kwa kasi gani. Hayo wavuvi wa huku kwetu Msimbati wanayajua bila hesabu. Mshika usukani anayeingiza mashua Mnazi Bay haongoji omo ifike kwenye alama ndipo arudishe usukani. Anaurudisha mapema, omo ikiwa bado njiani. Ukimwuliza kajuaje, anacheka tu.

Rafiki yangu mmoja akanibana: "Sasa rubani ni wewe au hiyo mashine?" Nikamwambia ni mimi, maana mimi ndiye niliyeiagiza itazame wapi. Kwenye mchezo jibu hilo linatosha.

Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines, aina ya Boeing 737 MAX, iliondoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilikuwa na mfumo uitwao MCAS, uliowekwa uinamishe pua ya ndege wenyewe kila pua inapoonekana imeinuka mno. Kipimo kimoja kikaleta habari za uongo. Mfumo ukaziamini, ukainamisha pua, marubani wakainyanyua, ukainamisha tena. Dakika sita hivi baada ya kuruka, ndege ikaanguka. Watu wote 157 walikufa, 32 kati yao Wakenya. Na Oktoba 2018 ndege ya aina hiyohiyo, ya Lion Air, ilikuwa imekwisha kuanguka baharini kule Indonesia na watu 189.

Watu husema mashine iliasi. Wapi bwana! Ilitii, tena ilimtii mtu ambaye hakuwemo ndani. Hapo ndipo ninapoona tofauti. Mshika usukani wa Msimbati akikosea, anazama na abiria wake, na woga huo unakaa mkononi mwake safari nzima. Aliyeandika amri hazami. Yuko kwake, pengine anakula chakula cha jioni.

Najua nitaambiwa kwamba mkono nao hukosea, na marubani huchoka. Kweli kabisa, wala sisemi tuzitupe mashine. Nasema asiyekuwemo chomboni ana deni kwa aliyemo: asiamini shahidi mmoja, na aliyemo akitia mkono, apishwe.

Vijitu vya kijani vinavyopanda roketi zangu havina mama wa kuvililia. Hata hivyo nimeandika hivi: programu isikilize vipimo viwili, vikigombana inyamaze; na nikigusa kitufe, iniachie.