ALIMSHIKA MKONO

Somo: Injili ya Marko 9:14-29



Tumesoma habari ya baba aliyemleta mtoto wake kwa Yesu. Mtoto alikuwa anaanguka chini, anatoa povu, anasaga meno, mwili unakauka. Mara nyingi alianguka katika moto na katika maji. Matayo 17:15 anautaja ugonjwa ule kwa jina: kifafa. Sisi wa Likasi hatuhitaji kuelezwa. Tunawajua watoto wenye kovu la mbabula mkononi. Tunawajua vijana walioachishwa masomo, na wasichana ambao hakuna mtu anayekuja kuwaposa.

Tuangalie, wandugu, Bwana alifanya nini.

Kwanza, aliuliza. Alimuuliza baba: mtoto ameanza kupata jambo hili tangu wakati gani? Baba akajibu: tangu utoto. Hilo ni swali ambalo munganga anauliza mpaka leo. Lakini sisi tunauliza lingine: nani amemloga? Tunatafuta bulozi kwa nyanya, kwa shangazi, kwa mama wa kambo. Jamaa inavunjika, na mtoto anaendelea kuanguka.

Mtu atasema: Marko ameandika kwamba ilikuwa pepo. Ni kweli, ameandika hivyo. Lakini tusome pia Matayo 4:24. Pale wagonjwa walioletwa kwa Yesu wanahesabiwa kila mmoja kwa jina lake: wenye pepo, wenye kifafa, wenye kupooza. Wenye kifafa wana nafasi yao peke yao. Bwana alijua kutofautisha. Na hata mahali alipokemea pepo, hakumkemea mtoto, wala hakumuaibisha baba yake mbele ya watu.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Kinaweza kutokana na taabu wakati wa kuzaliwa, na malaria iliyopanda kichwani, na jeraha la kichwa, na mayai ya mnyoo wa nguruwe yanayoingia kwa mikono michafu. Wengine hawajulikani sababu yao. Hakiambukizi. Povu lile ni mate tu. Mtu akiligusa hapati kitu.

Pili, watu walisema nini? Mtoto alipolala kimya, wengi walisema: amekufa. Sikilizeni jina lenyewe la kifafa. Ndani yake tunasikia kufa. Huko Mahenge, katika Tanzania, munganga mmoja mama, Louise Jilek-Aall, alianza kuwahudumia wagonjwa wa kifafa karibu na mwaka 1960. Aliwakuta watu wenye majeraha makubwa ya moto, kwa sababu waliowaona wakianguka waliogopa kuwagusa. Moto uliwaunguza, lakini woga wa jirani ndio uliowaacha motoni.

Wandugu, tusiwahukumu watu wa Mahenge. Sisi wenyewe tulikuwa katika ibada, kijana mmoja akaanguka wakati wa maombi. Benchi lote likabaki wazi. Mama yake peke yake alipiga magoti karibu naye, akamfunika kwa kitenge chake. Tuliimba kwa sauti kubwa zaidi, kama watu wasiotaka kuona. Kisha kijana yule hakurudi tena.

Baada ya miezi tulikwenda kuwatembelea. Alitupokea mama, akatupa viti. Kijana alikaa nyuma ya mlango. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Tukasikia kwamba mmoja wetu alikuwa amemwambia: umekwisha kuombewa, tupa vidonge, uonyeshe imani yako. Akavitupa. Juma halijaisha akaanguka juu ya mbabula, sufuria ya bukari ikiwa motoni. Tulitaka kumfariji mama kwa maneno mazuri. Akatuambia: “Wababa, kuanguka kunapita dakika mbili. Macho ya watu ndiyo hayapiti.”

Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha, kwake na kwa Mungu. Leo tunaandika haya ili kosa letu lisirudiwe na mwingine.

Maana tunasoma kwamba watu waliposema amekufa, Yesu alimshika mkono, akamwinua, naye akasimama. Alimshika mkono mbele ya makutano, mkono ule ambao wote waliuogopa. Na Papa Simon Kimbangu, tarehe 6 Aprili 1921, aliingia katika nyumba ya mama mgonjwa kule Ngombe-Kinsuka, akamwekea mkono kwa jina la Yesu. Kazi yake ilianzia katika nyumba ya mgonjwa. Sisi tunaojiita watoto wa kazi ile, mikono yetu iko wapi?

Tatu, Bwana alisema kwamba jambo lile linataka maombi. Tunaamini, na tutaendelea kuomba. Lakini nani alisema maombi na dawa ni maadui? Mfalme Hezekia alipougua, aliomba kwa machozi, na Mungu akamsikia. Kisha nabii Isaya mwenyewe aliagiza waweke tini juu ya jipu lake (2 Wafalme 20:7). Nabii alitoa neno la Mungu, nabii huyo huyo akaagiza dawa. Shirika la Afya Duniani linasema watu karibu milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba saba katika kila kumi wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kutunzwa vizuri. Basi, vidonge havitupwi. Anayeruhusu kupunguza au kuacha ni munganga, hata kama mgonjwa amekaa mwaka mzima bila kuanguka.

Tumefundishwa upendo, amri na kazi. Tuvitumie hapa.

Upendo: mgonjwa asikae nyuma ya mlango. Woga wa kuanguka mbele ya watu unakula moyo wake kila siku, hata siku asipoanguka. Mwite katika kwaya, mpe kazi katika kanisa, mtembelee, mwache aseme huzuni yake bila kumkatiza. Mtoto arudi masomoni, na mwalimu aelezwe.

Amri: tusimlazimishe mkesha wala kufunga. Kukosa usingizi, kukaa na njaa na kuruka dawa kunaweza kuleta kuanguka. Mungu anasikia pia maombi ya mtu aliyelala na kula. Asipike peke yake karibu na moto wazi, asioge mtoni peke yake, asishuke katika mashimo ya wachimbaji, asiendeshe pikipiki mpaka munganga akubali.

Kazi: akianguka, usikimbie. Ondoa moto na vitu vikali karibu naye. Weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola. Usimshike kwa nguvu, usitie kijiko wala kidole kinywani. Usimnyweshe kitu, hata maji ya baraka, mpaka ameamka kabisa. Mtikiso ukipungua, mlaze kwa ubavu. Ukipita dakika tano, au akianguka tena kabla ya kuamka, mpelekeni hospitali mara moja. Akifungua macho, akute uso wa ndugu, asikute benchi tupu.

Na wewe ndugu mwenye ugonjwa huu, unayesoma ukurasa huu kwa siri: hukulaaniwa. Baba yule wa Injili aliungama kwamba imani yake ilikuwa na upungufu, na Bwana hakumfukuza. Njoo na upungufu wako. Njoo na vidonge vyako katika mfuko. Kijana yule tuliyemtembelea amerudi. Anakaa benchi la mbele, mama upande mmoja, mzee wa kanisa upande mwingine.

Tuombe: Ee Bwana, wewe uliyemshika mkono mtoto ambaye watu walisema amekufa, utusamehe sisi tuliorudisha mikono yetu nyuma. Uwaponye wagonjwa wetu, ubariki dawa zao na wale wanaowatunza, na ututoe woga. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.