MOTO WA MAJUMBANI: TUSIUSINGIZIE KADARI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake.

Ama baad. Ndugu Waislamu, mtaani petu tulimzika mtoto wa miaka mitatu. Mamake alikuwa akipika kwa jiko la mafuta ya taa, jiko likalipuka, na moto ukamshika mwana aliyekuwa akicheza kando. Kila aliyekuja kutoa pole alisema, "Ni kadari ya Mungu." Nami nalisema hivyo. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwani siku chache kabla, baba mtu alikuwa amenambia kuwa jiko lile jipya lavuja, na kwamba muuzaji, ambaye huswali safu ya mbele, amekataa kulirudisha. Nami nalinyamaza, nikimstahi mwenzangu wa msikitini.

Kuamini kadari ni nguzo ya imani, hapana shaka. Lakini kadari si pazia la kusitiria uzembe na hadaa. Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Na ilipoungua nyumba usiku pale Madina pamoja na watu wake, aliwafahamisha Sahaba kuwa moto ni adui yao, akawaamrisha wauzime walalapo.

Ewe mfanya biashara! Mtume (S.A.W.) alitia mkono katika chungu ya nafaka sokoni, vidole vyake vikapata majimaji. Akamkemea mwenyewe kwa kuificha iliyorowa, akamtenga kila mwenye kughushi na njia yake. Ikiwa hayo ni kwa nafaka, itakuwaje kwa auzaye mafuta ya taa yaliyotiwa petroli, ambayo hushika moto upesi mno hata jiko likalipuka? Itakuwaje kwa auzaye mtungi wa gesi uliooza kichwa, au waya mwembamba usiohimili umeme? Kuibainisha aibu ya bidhaa ni wajibu, na faida ya kuificha ni haramu.

Nawe mwenye nyumba, jihadhari. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa; ikivuja hutanda sakafuni, pale watambaapo watoto. Ukisikia harufu yake, usiwashe kibiriti wala usiguse taa ya umeme. Funga mtungi, fungua madirisha, utoe watu nje. Mpira wake ujaribu kwa povu la sabuni: likifura, gesi yatoka. Jiko usilitie mafuta lingali likiwaka. Na mtoto akiungua, mmiminie maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Samli, majivu na dawa ya meno si tiba ya moto.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu 180,000 hufa kila mwaka kwa kuungua. Wangapi kati yao walikuwa na jirani aliyejua akanyamaza?

Muuzaji yule nimekwisha kumwendea na kumnasihi; lakini nimemwendea baada ya kaburi. Basi ajuaye kitu kibovu dukani au nyumbani, na aseme leo. Mwenyezi Mungu atusamehe tulivyonyamaza, awape subira wazazi wale, na atulindie watoto wetu. Amin.